Vema kwenye Embe

Mwaka 1995 nilikuwa mhariri wa machapisho katika asasi ndogo ya elimu ya uraia, Dar es Salaam. Cheo kilikuwa kikubwa kuliko ofisi: vyumba viwili juu ya duka la vitambaa Kariakoo, kompyuta moja, na mchoraji aliyelipwa kwa picha.

Vyama vingi vilikuwa na miaka mitatu tu tangu viruhusiwe. Wengi hawakuviomba. Tume ya Jaji Nyalali ilikuta asilimia 80 hivi ya waliotoa maoni wanataka chama kimoja kiendelee, lakini ikapendekeza vingi. Sasa uchaguzi mkuu wa Oktoba ulikuwa unakaribia, nasi tukapewa kazi ya kutoa kijitabu cha kumfundisha mpigakura.

Watu walikuwa wamezoea kura ya rais ya Ndiyo au Hapana, na kura ya mbunge ya jembe au nyumba: wagombea wawili wa chama kilekile, kila mmoja na alama yake. Kwenye karatasi yetu ya mfano jembe halikuwezekana tena, maana limo katika nembo ya CCM. Tulibishana siku nzima, tukaangukia matunda. Embe, nanasi, papai. Hakuna chama cha embe.

Maelezo niliyaandika mimi: weka alama ya vema kwenye kisanduku cha mgombea umtakaye. Mchoraji akauliza vema aiweke wapi. Nilikuwa nimeinamia prufu, sikuinua hata kichwa. "Weka hapo juu, kwa embe."

Maboksi ya kwanza tuliyapeleka kijiji kimoja cha Kisarawe. Nilisoma ukurasa kwa ukurasa, watu wakifuata picha kwa vidole. Nilipomaliza, bibi mmoja aliyeketi mkekani akainua kijitabu.

"Mwanangu, huyu wa juu mmeshamchagua. Sasa sisi tunaitiwa nini?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. "Huo ni mfano tu, bibi."

"Mfano ndio unaofuatwa."

Tukagawa karatasi za kura ya mazoezi. Tulipozihesabu, embe alikuwa amewaacha wenzake mbali sana. Nikamuuliza kijana mmoja amempendea nini embe. Akanitazama kama mwanafunzi anayehofia kukosea. "Si ndivyo kitabu kinavyosema?"

Njia nzima ya kurudi mjini sikuongea. Nilikuwa nimepitia kila sentensi mara tano ili isielemee upande wowote, na picha ikampigia embe kampeni.

Fedha ya kuchapa upya haikuwapo. Tulichapa vipande vidogo vyenye karatasi tatu za mfano: moja ina vema kwa embe, moja kwa nanasi, moja kwa papai. Wiki nzima tulikaa sakafuni, dereva, mhasibu na mama wa chai, tukivibandika kimoja kimoja kwa gundi ya unga wa ngano.

Tarehe 29 Oktoba nilijipanga foleni kama wengine. Katika vituo vingi vya Dar es Salaam vifaa vilichelewa, na mwishowe kura za majimbo yote 7 ya mkoa zikafutwa. Tulirudia tarehe 19 Novemba. Siku ile ya kwanza, jua likiwa utosini, mzee mmoja mbele yangu alitoa kijitabu chetu mfukoni, akakifunua mwanzo hadi mwisho. Akaniuliza ni ukurasa gani unaosema tufanye nini karatasi za kura zisipofika. Hakujua anamuuliza nani. Nikamjibu kwamba ukurasa huo haumo.

Nakala moja ninayo mpaka leo. Juzi niliitoa kabatini kumwonyesha mjukuu. Mende wameila gundi, kipande chetu kikaniangukia mapajani. Chini yake vema iko palepale, kwenye embe.