Granada: Mji uliofundisha piano kulia kama gitaa

IKIWA nyumbani kwako kuna mtoto anayejifunza piano, au redio yako hucheza mara kwa mara ule muziki wa Ulaya usiokuwa na maneno, yamkini umewahi kusikia kibao kiitwacho Asturias. Huanza kwa noti moja inayogongwa haraka haraka, kama matone ya mvua juu ya mabati. Kisha, ghafla, huanguka mapigo mazito ya mikono miwili, mpaka anayesinzia kitini ashtuke.

Jina hilo lisikupoteze, msomaji. Asturias ni jimbo la kaskazini mwa Uhispania, lenye milima ya kijani na mvua nyingi, ilhali muziki wenyewe ni wa kusini, katika jimbo la Andalusia. Mtunzi wake, Isaac Albéniz, hakuuita hivyo. Ni mchapishaji Mjerumani aliyeubandika jina hilo baada ya Albéniz kufariki mwaka wa 1909.

Kwa hivyo, ukitaka kuufuata muziki huu hadi kwao, usikate tiketi ya kaskazini. Nenda Granada.

Ngome nyekundu

Granada umekaa chini ya milima ya Sierra Nevada, ambayo vilele vyake huwa na theluji kwa miezi mingi. Juu ya kilima kimoja utaiona Alhambra, ngome na kasri iliyojengwa na wafalme Waislamu waliotawala hapa hadi mwaka wa 1492. Jina lake ni la Kiarabu, na maana yake ni 'nyekundu'. Wafalme hao walikwenda zao lakini maneno yao yakabaki. Mhispania anapoagiza 'azúcar' na wewe unapoagiza sukari, nyote wawili mnatumia neno lilelile la Kiarabu.

Simama kwenye kuta za Alhambra utazame ng'ambo ya bonde la mto Darro. Mbele yako ni mtaa wa Albaicín, wenye nyumba nyeupe na vichochoro vyembamba. Upande wa kulia mlima umetobolewa mapango yenye milango na madirisha. Hapo ni Sacromonte, na huko ndiko tunakokwenda.

Mapango hayo yalikuwa makao ya Wagitano, watu ambao asili yao ni India na ambao walifika Uhispania katika karne ya 15. Hawakupokewa vyema. Zilipitishwa sheria za kuwakataza lugha yao na mavazi yao, na mwaka wa 1749 serikali iliwakamata maelfu kwa mpigo, wake kwa waume. Waliobakia waliishi kwa uhunzi, biashara ndogo ndogo na muziki. Nyimbo za zamani za flamenko zilitoka kwa Wagitano na maskini wengine wa Andalusia, na si ajabu kwamba nyingi ni za vilio: gereza, njaa, mauti na mapenzi yaliyovunjika.

Hebu jaribu kupiga makofi

Ili uuelewe muziki huu, waite watoto mezani mpige makofi pamoja. Hesabuni hadi 12 bila kupumzika, kisha mrudie. Pigeni kwa nguvu mnapofika tatu, sita, nane, kumi na kumi na mbili.

Mmeona? Mapigo yanaanza kwa mwendo wa pole, halafu yanabanana, kama mtu anayeteremka ngazi na ghafla akakuta vidato vimekaribiana. Huo ndio mwendo wa 'soleá', mmoja wa mizizi ya flamenko. Mtoto wa Sacromonte aliujua kabla ya kujua kusoma.

Sasa fikiria kazi iliyomkabili mtunzi wa piano. Mwimbaji wa flamenko huivuta sauti mpaka ikaingia katikati ya noti mbili. Piano haiwezi kufanya hivyo, kwani kila kibonyezo kina sauti yake tu. Basi watunzi wakabuni hila. Waligonga noti mbili zilizo jirani karibu kwa wakati mmoja, na sikio likadhani limesikia ile sauti ya katikati. Katika Asturias, mkono mmoja hugonga wimbo na mwingine hurudia noti ileile, sawa na mpiga gitaa ambaye gumba lake linacheza wimbo huku vidole vingine vikigusa uzi mmoja tu. Na yale mapigo mazito? Ni gitaa linalokwaruzwa kwa kucha, nyuzi zote pamoja.

Albéniz alifika mbali zaidi katika Iberia, mkusanyiko wa vipande 12 alivyovitunga kati ya 1905 na 1908. Wakati huo alikuwa akiishi Ufaransa huku figo zikimuua polepole. Kimoja kinaitwa El Albaicín, yaani mtaa uleule uliokuwa ukiutazama kutoka ngomeni.

Usiku wa mwaka wa 1922

Si mbali na Alhambra utaonyeshwa nyumba ndogo ya Manuel de Falla, ambayo sasa ni makumbusho. Falla, mzaliwa wa Cádiz, alitunga Fantasía bética kwa ajili ya piano mwaka wa 1919. Punde si punde akahamia Granada.

Wakati huo Wahispania wengi waliosoma waliionea haya flamenko, wakiiona kelele za vilabu vya mvinyo. Falla alihofu kuwa nyimbo za kale zingekufa. Pamoja na mshairi kijana, Federico García Lorca, aliandaa mashindano ndani ya Alhambra mnamo Juni 1922. Waimbaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kushindana. Miongoni mwa walioshinda alikuwamo mzee Diego Bermúdez, ambaye husimuliwa kwamba alikuja kwa miguu kutoka mji wa mbali, na mvulana aliyekuja kuwa mwimbaji mashuhuri, Manolo Caracol.

Lorca aliuawa mwaka wa 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza. Falla aliondoka mwaka wa 1939 akafia Argentina. Wagitano wa mapangoni nao walihamishwa kwa wingi mwaka wa 1963, mvua kubwa ilipobomoa makao yao.

Leo mapango kadhaa ni kumbi za ngoma za watalii, na mwaka wa 2010 flamenko iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ukienda, nunua tiketi ya Alhambra mapema, kwani saa ya kuingia kasrini huandikwa juu yake. Usiku panda Sacromonte usikilize.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wagitano walicheza kwao kwa karne nyingi wakatunzwa kwa pingu, na jina linalochapishwa juu ya karatasi ya piano si lao. Basi mwanao akimaliza kucheza Asturias, mpigie makofi. Halafu mwambie wimbo huo ulijifunzwa kwa nani.