Baada ya Kisu, Pumzi

Katika wodi za upasuaji hapa Boston, mgonjwa aliyepasuliwa tumbo asubuhi, mara nyingi jioni ileile nesi anamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia. Kesho yake anatembezwa koridoni huku mti wa dripu ukisukumwa pembeni yake. Ndugu zangu wa Tanga nikiwasimulia wanashika vichwa. Kwetu huo ni ukatili. Mtu akitoka chumba cha upasuaji analazwa chali, anafunikwa shuka, na anayetaka kumgusa anakemewa: mwacheni apumzike, nyuzi zitafumuka.

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika wodi ya namna hiyo, na mwaka jana mama yangu mdogo alipasuliwa huko nyumbani kwa sababu ya utumbo kuziba. Nimeshaona pande zote mbili, na huruma ile ya kumwacha mgonjwa alale inanitia hofu.

Dawa ya usingizi ikishashika, misuli ya kupumulia hulegea, na ndani ya dakika chache sehemu za chini na za nyuma za mapafu husinyaa. Karibu kila anayelazwa usingizi mzito hupatwa na hali hiyo, kijana kwa mzee. Aliyepasuliwa tumbo, hasa juu ya kitovu, ana mtihani wa ziada. Kidonda chake kiko jirani na kiwambo, ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, ambao ndio unaofanya kazi kubwa ya kuvuta pumzi. Kwa siku kadhaa kiwambo hicho hufanya kazi nusunusu. Pumzi ndefu inauma, basi anapumua juujuu. Kukohoa kunauma zaidi, basi kikohozi anakizuia. Makohozi yanatuama chini, vijidudu vinapata pa kuzaliana. Akilala chali mambo huzidi, maana matumbo yanakisukuma kiwambo juu kifuani. Homa ikipanda siku ya tatu, wote wanatazama kidonda, kumbe nimonia imeshaanza.

Hapa Boston wagonjwa wengi hupewa kifaa cha plastiki chenye mrija. Unavuta hewa polepole, na kigololi au kisahani ndani yake kinapanda kuonyesha umevuta kiasi gani. Wageni kutoka nyumbani hukipenda sana, wananiuliza kinauzwa wapi wakapeleke. Nawaambia wasijisumbue. Mwaka 2014 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa wataalamu wanaopima ushahidi wa tiba, walipitia majaribio ya kifaa hicho kwa waliopasuliwa tumbo la juu, na hawakupata ushahidi wa kuridhisha kwamba kinazuia matatizo ya mapafu. Mara nyingi nakikuta mezani, palepale kilipowekwa asubuhi. Wengine wanakipuliza badala ya kuvuta, ilhali pafu lililosinyaa hufunguka kwa kuingiza hewa na kuishikilia. Ndiyo maana hata lile puto au glavu ambayo wagonjwa wa kwetu huambiwa waipulize, faida yake kubwa iko katika ile pumzi ndefu inayovutwa kabla ya kupuliza.

Jaribio lililonigusa zaidi lilifanyika Australia na New Zealand, likachapishwa mwaka 2018. Wagonjwa 441 waliokuwa wakisubiri upasuaji mkubwa wa tumbo la juu waligawanywa makundi mawili. Wote walipewa kijitabu. Kundi moja likaongezewa dakika 30 na mtaalamu wa fiziotherapia, kabla ya upasuaji, akawaeleza mapafu yatapatwa na nini na kuwazoesha namna ya kupumua wakizinduka tu. Waliopata kijitabu peke yake, 27 katika kila 100 walipata matatizo ya mapafu. Walioketi na mtaalamu, 12. Mazungumzo ya nusu saa!

Sasa tazama wodi ya kwetu. Mwaka huohuo wa 2018 ulitoka utafiti wa nchi 25 za Afrika, ulioongozwa na Bruce Biccard wa Cape Town. Ulionyesha kwamba wagonjwa wetu wa upasuaji ni vijana zaidi, na hatari wanayoingia nayo kwenye upasuaji ni ndogo, lakini wanakufa mara mbili ya wastani wa dunia. Manesi ni wachache mno, na hawataongezeka kesho. Lakini kando ya kitanda cha mama mdogo palikuwa na watu saa zote: binti yake, wifi, jirani na chupa yake ya uji. Mgonjwa wa Boston anaweza kushinda kutwa bila kumwona ndugu hata mmoja, maana wote wako kazini. Watu tunao, tena wenye mapenzi. Hawajaambiwa tu cha kufanya.

Nilimwomba nesi ruhusa ya kumkalisha mama mdogo. "Sawa, lakini taratibu, na msivute mrija wa mkojo," akasema. Kitanda hakikuwa cha kuinuliwa, tukamwegemeza kwa mabegi na blanketi. Tukakunja kanga mbili nene, akazikumbatia juu ya kidonda kwa mikono yote miwili. Mama, vuta kwa pua, polepole, mpaka mbavu zitanuke. Shikilia, hesabu tatu. Achia. Pumzi ya tatu machozi yakamtoka. "Mwanangu, unanitesa." Tukaacha. Bila dawa ya maumivu hakuna mtu anayeweza kuvuta pumzi ya maana, na kuvumilia kimyakimya, ambako kwetu tunakusifia sana, katika hali hii kunadhuru. Nesi akamchoma sindano, tukangoja ikolee, tukaanza upya: pumzi kumi, kisha kukohoa huku akizibana zile kanga kwenye kidonda. Kikatoka kikohozi kizito, na kohozi la kijivu. Binti yake akachukua tasbihi akawa anamhesabia, kumi kila saa mgonjwa akiwa macho. Jioni mama wa kitanda cha pili akatuita tumwonyeshe na mwanawe.

Kuhusu mkaja, kile kitambaa cha kufungia tumbo, bibi zetu wasilaumiwe. Tumbo kufungwa kwa kiasi humpa mgonjwa ujasiri wa kusimama na kukohoa. Tatizo ni pale unapobanwa hadi mbavuni akashindwa kujaza kifua.

Ukiwa na ndugu anayesubiri kupasuliwa, usingoje siku ya kisu. Anayevuta sigara aache sasa hivi. Mfundisheni zile pumzi akiwa bado hana maumivu, na afundishwe pia atakayemuuguza. Muulizeni daktari ni lini ataruhusiwa kukaa na kutembea, na kama kuna sababu ya kumzuia. Mara ya kwanza kusimama awepo nesi, maana kizunguzungu ni cha kawaida. Na akianza kuhema haraka, kupata homa, kuchanganyikiwa au midomo kubadilika rangi, mwiteni nesi saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.