Kadi Iliyokatwa

Katika mji wa Kolwezi, penye migodi ya shaba, palikuwa na mtoto aliyependa kukusanya stempu. Kila bahasha iliyotupwa aliiokota, akalowesha stempu majini hata ikabanduka, akaiweka katika daftari.

Siku moja babu yake alimfungulia sanduku la marehemu baba yake, aliyefanya kazi mgodini. Ndani mlikuwa na kadi za posta za zamani. Stempu zake hazikubandikwa, bali zilichapwa juu ya kadi yenyewe. Kadi za namna hiyo zilitolewa kwanza Austria mwaka 1869, na Kongo mwaka 1886.

Babu alipotoka, mtoto akatwaa mkasi. Akakata pembe ya kadi moja, penye stempu yenye maneno "Congo Belge", kama nchi ilivyoitwa mpaka mwaka 1960. Kisha akakitia kile kipande katika bakuli la maji, kama desturi yake.

Babu akarudi, akaiona kadi. Akamwambia, "Mjukuu wangu, igeuze usome."

Mtoto akasoma: "...amezaliwa salama. Mama yake yu mzima." Mstari wa kwanza haukuwako. Akakimbilia bakuli. Wino ulikuwa umeyeyuka wote.

Babu akasema, "Hapo paliandikwa jina la dada yangu, na siku aliyozaliwa. Alikufa mchanga, kabla yangu. Mimi nalikumbuka jina lake. Nikifa mimi, nani atalishuhudia? Tazama na muhuri wa posta: umebaki nusu, 'VILLE' tu. Ulikuwa wa Jadotville, mji uitwao sasa Likasi. Lakini mgeni atadhani ni Elisabethville, yaani Lubumbashi."

Mtoto akalia. "Nisamehe, babu. Nitaigundisha."

"Nimekusamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Lete kalamu."

Babu akataja jina na siku, mtoto akaandika polepole kwenye karatasi safi, akaiweka pamoja na kadi ile.

Tangu siku hiyo hakukata kadi tena. Wakusanyaji wenye maarifa hufanya vivyo hivyo: huitunza kadi nzima. Stempu, muhuri, anwani na maneno ni kama mashahidi wanne wa jambo moja. Ukimwondoa mmoja, waliobaki hushindwa kusema kweli yote.