Wembe wa Marehemu Baba
Marehemu baba aliniachia wembe wa kukunja, umeandikwa Sheffield, mji wa Uingereza ulio mashuhuri kwa visu na nyembe. Ndevu ziliponiota, kaka yangu alinisihi ninunue mashine ya Gillette, isiyo na hatari nyingi. Nikakataa, nilitaka chuma kile kile kilichogusa uso wa baba.

Siku ya kwanza nikautia kwenye ukanda wa ngozi nikitanguliza makali, nikaukata ukanda. Kumbe hutangulia mgongo! Shavuni nako nikausimamisha mno, damu ikatoka; yafaa kuulaza kadiri ya digrii 30, na kuivuta ngozi kwa mkono wa pili. Mama akacheka, kisha akanyamaza. “Baba yako naye,” akasema, “alikuwa akijikata pale pale.”