Sindano ya Kofia na Paka Wetu Zabibu

Tuliombwa mwaka huu tuandike juu ya adabu za mwanafunzi. Tulikaa kuandika, lakini kila tukishika kalamu mawazo yakawa yanakwenda kwa paka. Basi wanafunzi wetu na wazazi watuwie radhi, tutaandika hayo ya paka.

Nyumbani kwetu mama watoto hushona kofia za mkono. Wanaoijua kazi hii wanafahamu kuwa kofia moja yaweza kuchukua wiki nyingi, tundu kwa tundu, na sindano yake ni nyembamba. Ikianguka mkekani hata mwenye macho mazima huipapasa. Ndiyo maana tuliweka sheria: sindano ikimaliza kazi irudi ndani ya kopo, na asiyekuwa mshonaji asiliguse kopo. Sheria hiyo tuliitangaza sisi wenyewe, kwa sauti kubwa, na tuliwahi kumchapa kijana wetu wa miaka 8 kwa kulifungua.

Ilikuwa Jumanne. Baada ya Magharibi tulimwona Zabibu amejikunyata chini ya kitanda. Paka huyu si wa kujificha, kwani saa ya chakula hutangulia yeye kuliko watoto. Tulimwekea dagaa, akawanusa tu. Mate yalikuwa yanamtoka, anameza na kumeza kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki, na mguu wa mbele anapangusia mdomo. Tukasema labda kala mjusi. Tukaenda kusali Isha.

Tuliporudi tulimkuta mama watoto anahesabu sindano. Zilikuwa 6, sasa ni 5. Tukawakusanya watoto. Binti akasema hajui. Kijana alikuwa anatazama mkeka. Tulipomwita mara ya pili akaitika, "Naam, baba," kwa sauti ya mtu ambaye kilio kimeshamfika kooni. Alimwona Zabibu tangu Alasiri anachezea uzi, uzi ukaingia mdomoni na sindano ikafuata. Tangu Alasiri! Na habari hiyo kifuani alikwenda chuoni, akakaa mbele yetu, akasoma sura yake na kukosea mara tatu, nasi tukamgombeza kwa kutohifadhi.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa utanichapa kwa ajili ya kopo."

Mama watoto akasema taratibu kwamba kopo hakulifungua mtoto. Ikatujia kumbukumbu. Mchana ule tulilifungua sisi, tukakata uzi mweupe kiasi cha dhiraa moja, tukashona kifungo cha kanzu, kisha tukaichomeka sindano na uzi uliobaki kwenye mto. Tukaondoka kwenda kusali Adhuhuri na kifungo kizuri.

Kijana akashika tochi, tukamfungua Zabibu kinywa. Uzi ulionekana, umepita chini ya ulimi na kupotelea kooni. Bi mkubwa wa jirani, aliyekuja kwa kelele zetu, akasema, "Mwalimu, uvute tu utoke." Tulikwisha kuushika. Mama watoto akatuzuia mkono. "Baba watoto, ngoja kwanza. Ukivuta uzi wenye sindano, sindano inakwenda wapi?" Mshonaji alijua ambalo sisi na diploma yetu hatukulifikiria.

Tukampigia simu daktari wa mifugo. Alikuwa shamba kwa ng'ombe anayezaa, asingeweza kumshughulikia hadi asubuhi. Akasema msivute, na msimpe chakula wala maziwa, kwa sababu huenda akahitaji kulazwa usingizi na tumbo tupu ni salama zaidi. Dawa za maumivu za watu msimpe kabisa. (Bi mkubwa, Allah amjaze kheri, alikuwa ameshakata nusu kidonge cha paracetamol, daktari akatuambia dawa hiyo humuua paka.) Akatueleza pia kwamba ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni, hivyo kitu kama uzi kikishaingia ni tabu kukitema. Uzi ukinasa upande mmoja na upande wa pili ukashuka tumboni, utumbo huendelea kuusukuma hadi wenyewe ukajikunja kama kiuno cha suruali iliyovutwa kamba, na uzi huweza kuukata. Mama watoto aliposikia hayo akaiweka chini kofia aliyokuwa anaishona.

Usiku ule ulikuwa mrefu. Jirani mmoja alitupita barazani akacheka, paka tu, wamejaa sokoni. Hatukumjibu. Tumewasomesha wanafunzi mara nyingi hadithi ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia akajitafutie. Na ile ya Abu Qatada (R.A.) aliyewekewa maji ya udhu na mke wa mwanawe, akaja paka, naye akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa, kisha akaeleza kuwa Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani. Tukiisomesha hutilia mkazo hukumu ya maji. Usiku ule tulikuwa tunakifikiria kile chombo kilichoinamishwa.

Jumatano asubuhi tulimpeleka ndani ya kikapu. Pesa zilikuwa za kofia mbili zilizouzwa. Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akafungua kinywa, akatuonyesha: sindano yetu imejidunga nyuma ya koo. Kama tungevuta, ingezama zaidi. Akaitoa kwa koleo ndogo, uzi ukafuata bila kugoma. Mama watoto akaupima kwa mkono wake: shibiri moja, na ncha yake imetafunwa. Kilichobaki kiko wapi? Daktari akasema, "Ustadh, huenda kiko nyumbani, huenda kiko tumboni. Mwangalieni siku tatu. Akitapika, akikataa chakula au asipopata choo, mrudisheni haraka, huenda akahitaji kupasuliwa."

Tulipofika nyumbani tuliwaita watoto wote tukamwambia kijana mbele yao kwamba sindano ilikuwa yetu, na kwamba tunamwomba radhi. Akanyamaza kidogo kisha akauliza, "Na siku ile ya kwanza ya kopo, baba?" Siku ile alikuwa amelifungua ampelekee mama yake. Hatukuwahi kumuuliza. Tukamwomba radhi na kwa hiyo pia, ingawa haikutoka kwa wepesi.

Alkhamisi Zabibu alikula kidogo. Ijumaa, tukijitayarisha kwenda msikitini, kijana akaja mbio na kipande cha uzi alichokitoa chini ya mkeka, mahali tulipopapasa sote bila kukiona. Tukakipima pamoja na kile cha daktari na kile kilichomo kwenye kifungo. Dhiraa ikatimia, Alhamdulillah.

Kopo sasa liko juu ya kabati. Bakora iliyokuwa nyuma ya mlango wa nyumba yetu tumeiondoa. Ile ya chuoni bado tunaizungumza na walimu wenzetu, na hatujakubaliana.