Namba Tasa na Deni la Ushahidi

Wapo wanaopumzisha akili kwa bao. Mimi huipumzisha kwa mazoezi ya kuandika programu za kompyuta. Lililonishughulisha mwezi huu lilitolewa mwaka 2016 katika mashindano ya Code Jam ya kampuni ya Google.

Sharti lake ni hili: tunga namba 500 zenye tarakimu 32 kila moja, zote zikiwa 0 au 1, zikianza na kuishia na 1. Kila namba isomwe katika besi ya 2 hadi ya 10, na isiwe namba tasa katika besi hata moja. Besi ni ukubwa wa fungu la kuhesabia: sokoni tunafunga kumi kumi, kompyuta hufunga mbili mbili. Tatizo ni kwamba tarakimu zile zile hubadili tabia besi inapobadilika. 111 katika besi ya 2 ni saba, namba tasa. Katika besi ya 10 ni 3 mara 37.

Kujaribu kigawo kimoja baada ya kingine kungeichosha mashine yangu bure. Kalamu na karatasi zilitosha. Tazama 110011: katika besi yoyote ni 11 mara 10001, kwa kuwa katika kuzidisha huko hakuna cha kubeba. Basi panga jozi za 11 na 00, ya kwanza na ya mwisho zikiwa 11, na namba nzima itagawanyika kwa 3 katika besi ya 2, kwa 4 katika besi ya 3, hadi kwa 11 katika besi ya 10. Jozi 14 za katikati hupangika kwa namna 16,384.

Kilichonigusa zaidi ni sharti la mwisho. Haitoshi kutamka kwamba namba si tasa; ni lazima utoe kigawo chake katika kila besi. Mkaguzi halazimiki kuniamini. Anayejua kugawanya tu anaweza kumkagua mwenye shahada ya uzamivu.

Katika maisha yetu ya umma tumezoea hukumu zisizo na kigawo: mradi umekamilika, fedha zimetumika ipasavyo, uchaguzi ulikuwa huru. Anayeomba kuuona mkataba huitwa mchochezi. Lakini mwaka 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya iliweka fomu 34A za vituo vya kura kwenye tovuti yake, na watu wakajijumlishia wenyewe. Mabishano yalifika Mahakama ya Juu, ila watu walibishana juu ya karatasi walizoziona kwa macho yao.

Mtawala anayetamka kwamba mambo yote yako sawa anadaiwa kigawo. Nasi wasomi, tunapokabidhiwa kipaza sauti ili tuyathibitishe maneno yake, tunadaiwa vilevile.