Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Mwezi uliopita nilipewa siku nne za mapumziko, nami nikazitumia kuwatembelea marafiki wanaoishi Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mume tulisoma pamoja hapa Mombasa tangu darasa la kwanza. Siku hizi yeye hufanya kazi ya usiku ghalani, na mkewe huwatunza wazee. Walinipa chumba cha watoto; watoto wakalala sebuleni.

Niliondoka na orodha ndefu ya mambo ya kuona, na nakiri kwamba niliitimiza yote. Nilipanda tramu namba 28, ile inayojikongoja katika vichochoro vya milimani. Nilisali katika kanisa la Mtakatifu Antoni, mahali ambapo mapokeo yasema ndipo alipozaliwa, kwa maana huyu tumwitaye wa Padua ni mwana wa Lisbon. Huko Belém, katika monasteri ya Jerónimos, nilisimama mbele ya kaburi la Vasco da Gama. Nikamkumbuka mfalme wa Malindi aliyempokea mwezi Aprili 1498 na kumpa rubani wa kumvusha hadi India. Kisha nikakumbuka kwamba mwaka 1505 Wareno wenzake waliichoma Mombasa. Si kila mgeni huja na heri, niliwaza, wala sikujifikiria mimi mwenyewe.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye magofu ya kanisa la Carmo. Tarehe 1 Novemba 1755, asubuhi ya Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliuangusha mji huo, na makanisa yakawaporomokea waamini waliokuwa katika ibada. Matao ya Carmo yangali yamesimama, lakini paa halipo hata leo. Nilikaa pale kwa muda mrefu nikiwaombea marehemu wale.

Kila jioni nilirudi na miguu iliyochoka, nikawasimulia wenyeji wangu habari za mji wao wenyewe. Rafiki yangu alisikiliza, akatabasamu, akaenda kazini.

Usiku wa mwisho hakuwa na zamu. Saa nane niliamka kunywa maji, nikamkuta jikoni peke yake, akitazama katika simu maziko ya baba yake, sauti ameizima. Mzee alifariki mwezi Aprili mwaka jana. Karatasi za ukaazi za mwanawe zilikuwa hazijatoka, hivyo hakuweza kusafiri. Mimi nilimtumia ujumbe wa rambirambi, nikahesabu kwamba nimemaliza.

Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Padre, mvua ilinyesha siku ile? Katika picha sioni vizuri."

Nilipochelewa kujibu, akasema, "Wewe ndiwe uliyemzika. Siku hizi zote nangoja uniambie."

Nilivuta kiti. Nikamweleza kwamba mvua ilitupokea tangu Voi. Kwamba gari lilishindwa kupanda mlima, na wajukuu wakalibeba jeneza kwa zamu hadi nyumbani. Kwamba mama yake alikataa kuketi mpaka kila mgeni apate kiti. Nikamwambia kwamba dada yake alipowataja watoto wa marehemu alianza na jina lake yeye, kifungua mimba, kana kwamba yupo. Hapo akalia, nami nikalia naye. Tulikaa hadi alfajiri. Mkewe alipoamka tukasali sote watatu kwa ajili ya mzee, kisha teksi ikaja.

Mara nyingi nimehubiri juu ya Martha na Maria, nikimwonya mwenyeji anayehangaika na vyungu hata akamsahau mgeni. Sikujua kwamba mgeni naye aweza kuwa Martha. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mimi nilikuja, nikala, nikalala katika kitanda cha mtoto, na mwenyeji akabaki na jeraha lake hadi saa nane ya usiku wa mwisho.

Ndugu zangu, pengine yupo mtu anayengoja neno ambalo ni wewe tu unaloweza kumpa. Juma hili umwendee. Usingoje usiku wa mwisho.

Nawatakieni Dominika njema.